Naombeni ushauri: nisome mwenyewe barua kwa bodi ya chuo kuhusu vita vya Kongo?

Binti_Nyarugusu
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Nimezaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Wazazi wangu walikimbia kutoka Fizi, Kongo. Sasa niko mwaka wa 3 katika chuo binafsi Marekani. Nina grini kadi, uraia bado. Mama anafanya zamu ya usiku kiwanda cha nyama.

Chuo kina mfuko mkubwa wa akiba, na pesa zake zimewekwa kwenye hisa. Kikundi chetu kimeiandikia bodi ya wadhamini barua yenye madai matatu: waseme wazi hisa ziko wapi, waachane na kampuni za silaha, na wauze hisa za kila kampuni inayotumia madini ya Kongo. Wenzangu wanataka niisome mimi, Alhamisi ijayo, dakika 3, kwa kuwa vita hivi ni vya kwetu. Waasi wa M23 waliushika Rubaya, mji wa migodi huko Kivu Kaskazini, Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa ushuru wa koltani ya huko (madini ya kutengenezea simu na kompyuta) unawaingizia kama dola 800,000 kwa mwezi. Sitaki chuo ninachosoma kinufaike na mnyororo huo.

Mama amekataa katakata. Anasema hatukuvuka ziwa ili nirudishwe kwa sababu ya karatasi. Nisome, nimwachie mwingine, au tupeleke barua bila majina?

Mzee_wa_Ujiji
Marahaba mwanangu. Msikilize mama. Machi 2025 alikamatwa kijana mwenye grini kadi aliyesoma chuo cha Columbia, New York, na kushiriki maandamano ya Gaza. Alikaa kizuizini zaidi ya miezi 3 bila kushtakiwa kwa kosa lolote la jinai. Mwezi huohuo mwanafunzi wa chuo cha Tufts alichukuliwa barabarani. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameandika makala na wenzake kwenye gazeti la chuo. Subiri uraia kwanza. Kongo haitakwisha.

Dada_Minnesota
Baba, nakuheshimu, lakini tukisubiri wote hakuna atakayesoma.

Mdogo wangu, kabla ya Alhamisi muone wakili wa uhamiaji, uso kwa uso. Ulizia chuoni, vyuo vingi vina ofisi ya msaada wa sheria kwa wanafunzi. Kusoma barua kwenye kikao ulichoalikwa si sawa na kujifungia ndani ya jengo. Wenzako wakiamua kulala humo, wewe ondoka, na waambie mapema ili wasikuone msaliti. Barua isiyo na majina itaishia kwenye droo.

Hesabu_za_Hisa
Dai la kwanza ndilo lenye uzito. Chuo binafsi hakilazimiki kuonyesha kila hisa, na pesa nyingi huwa mikononi mwa mameneja wa nje, kwa hiyo jibu litakuwa "hatujui". Ombeni majina ya hao mameneja. Wakisema haijawahi kufanyika, watajieni Hampshire College, waliouza hisa zilizohusiana na Afrika Kusini ya ubaguzi mwaka 1977. Kisha chuo cha Stanford, 2010, tena kwa Kongo hiihii: hawakuuza hisa, ila bodi ilikubali kuunga mkono maazimio ya wanahisa yanayoitaka kampuni ieleze madini yake yametoka wapi. Waliosukuma walikuwa wanafunzi.

Mwana_Bukavu
Jambo sana dada. Mimi niko Bukavu, na dai lenu la tatu limeniuma.

Mwaka huohuo wa 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kuzitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo na nchi jirani. Nia ilikuwa njema. Wanunuzi wengi wakaona heri kukimbia kuliko kufuatilia gunia moja moja, na serikali yetu nayo ikasimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, Septemba 2010 mpaka Machi 2011. Mjomba wangu alikuwa anachimba kasiteriti (mawe yenye bati) huko Kalehe, Kivu Kusini. Hajawahi kushika bunduki. Watoto wake wawili waliacha shule mwaka ule na hawakurudi tena. Wenye bunduki je? Walikuwa na dhahabu, inaingia mfukoni na hakuna anayeiuliza ilikotoka.

Mkisema "uzeni kila kampuni yenye madini ya Kongo", anayeumia ni mjomba. Semeni kampuni ionyeshe mgodi, ionyeshe njia mpaka kiwandani, na isinunue kilichopita mikononi mwa wanaopigana. Nenda ukasome dada, ila si kama mlivyoandika.

Binti_Nyarugusu
Asanteni nyote. Wakili nimemwona leo. Amesema kikao chenyewe hakimtishi, ila nisivuke hapo, na namba yake niiandike mkononi kwa wino. Nimesharudisha dai la tatu kwa wenzangu, wawili wamenikasirikia.

Mama bado hajakubali. Nilimsimulia habari ya Kalehe, akanyamaza kidogo, kisha akauliza hao watoto wana miaka mingapi sasa.

Kaka wa Bukavu, naomba nikutumie rasimu mpya uirekebishe kabla ya Alhamisi.

Mwana_Bukavu
Tuma. Umeme huku unarudi usiku, nitaisoma saa nne. Mkubwa ana miaka 27.