NixOS: ina faida kweli au mbwembwe tu?

mzee_wa_terminal: Wakuu habari za saa hizi. Niko Ubuntu, hii Linux ya kawaida, mwaka wa nne, juzi nikapiga apdeti usiku, asubuhi nawasha laptop skrini nyeusi tii, draiva ya kadi ya picha imegoma na kazi ya mteja inatakiwa saa nne!! Jamaa ananiambia hamia NixOS, Linux ya aina nyingine. Mnaoitumia semeni ukweli, maana maelezo yao nikisoma natoka kapa.

kijana_wa_tanga: Pole mkuu. Kule apdeti haifuti ya zamani, kila ukijenga sistimu upya inakaa pembeni kama toleo jipya, na matoleo yote unayaona kwenye menyu ya kuwashia mashine. Skrini ikigoma unarestati, unachagua la jana, chai haijapoa. Ila mafaili yako binafsi hayarudi nyuma, bakapu ni juu yako.

dada_seva: Mi kilichonibamba ni configuration.nix, faili la mipangilio ya mashine nzima. Yuza, fayawoli, fonti, vyote umeviandika humo. Laptop yangu iliibiwa kwenye daladala, nikanunua mtumba, nikavuta mafaili yangu ya mipangilio kutoka Git nilikoyahifadhi, nikatengeneza upya lile la hardware tu, nikapiga nixos-rebuild switch, amri ya kujenga sistimu, nikaenda kula, kurudi naikuta mashine ile ile. Na wengi wanasahau flake.lock, faili linaloshikilia vesheni za pakeji, usipoitunza unapata pakeji zenye majina yale yale ila vesheni za siku hiyo.

bando_limeisha: Mwambieni na machungu basi. Matoleo yanalundikana, diski yangu ya GB 128 ilijaa, nikapiga nix-collect-garbage -d, amri ya kufagia ya zamani, nafasi ikapatikana ila na yale ya kurudia yakaenda nayo 😂 Halafu programu ya kudownload hovyo mtandaoni mara nyingi haiwaki, inatafuta laibrari kwenye /lib haizikuti, kila kitu kiko /nix/store. Na lugha ya kuandikia hiyo mipangilio sasa! Eelco Dolstra aliianzisha Nix, meneja wa pakeji ambayo NixOS imejengwa juu yake, chuoni Utrecht, Uholanzi, mwaka 2003, na harufu ya uprofesa haijatoka mpaka leo.

mzee_wa_terminal: Hahaha. Siwezi kuonja kwanza bila kufuta Ubuntu?

dada_seva: Unaweza, Nix peke yake inakaa juu ya Ubuntu bila shida. Andika nix-shell -p python3, unapata Python humo humo, ukitoka haijagusa ile ya sistimu. Ila draiva yako haitaiponya, hiyo bado iko mikononi mwa Ubuntu.