Yule jamaa wa Boxer nyekundu kabandika STIKA juu ya nakshi yangu. STIKA!!!

Kalamu_ya_Chuma:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimerukana mnivumilie.

Simtaji jina. Watu wa Tabora mnamjua. Bodaboda wa Boxer nyekundu, taa zinawaka mpaka kwenye spoki, honi ya fuso, akipita Kanyenye kuku wanahama mtaa. Huyo huyo anayeegesha chini ya mwembe Isevya na kumwambia kila abiria kwamba chuma chake kiko kimoja tu mkoa mzima, kuanzia Igunga mpaka Urambo.

Mchana huu, mtu huyo kabandika stika juu ya kazi yangu. Stika ya timu. Sisemi timu gani maana nawajua nyie.

Sikumtafuta, alinifuata mwenyewe. Anataka kava la klachi lichongwe kwa mkono, majani yanayojisokota pembeni, katikati jina la mwanawe. Akaniambia, "Fundi, nataka nakshi ya heshima, ya ule mlango wa tembe la Livingstone kule Kwihara." Nikasema leo nimepata mtu mwenye macho! Nikapanda kwenda Kwihara kuuangalia mlango upya, kwa nauli yangu.

Sasa kuna watu wanadhani kuchonga chuma ni kukwaruza kwa msumari. Kalamu zangu za kuchongea nazitengeneza mwenyewe kwa biti za drili zilizokatika, nazinoa juu ya jiwe mpaka ncha ikae nyuzi 120. Kava lenyewe ni aluminiamu ya kumimina, lina vijitundu ndani usivyoviona. Kalamu inakwenda vizuri, mara inazama, mara ncha inakatika, rudi kwenye jiwe. Ukisahau mafuta ya taa, aluminiamu inagandia kwenye ncha na mstari unatoka na ndevu. Nikakwangua rangi ya kiwandani kwa msasa, nikachora kwa penseli, nikakaza kava kwenye jiriwa, nikaanza na kinyundo, ko ko ko ko, usiku na mchana. Jirani akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kushtaki. Halafu nikadonoa nukta ndogondogo nyuma ya majani ili yainuke, nikapaka rangi nyeusi, nikaifuta, ikabaki ndani ya mistari tu. Ukiinamisha kava hivi jani linawaka, ukiinamisha vile linazima. Mke wangu, ambaye hajawahi kusifia kitu changu tangu mahari, alisema "mh".

Nikalipeleka mwenyewe kijiweni, limefungwa kwenye kanga.

Akaligeuza. Akaligeuza tena. Akasema mbele ya watu wote: "Mbona halina rangi?"

HALINA RANGI.

Kisha akatia mkono mfukoni akatoa stika. Wakuu, ALIKUWA NAYO TAYARI. Hilo ndilo linaloniua. Alitoka nayo nyumbani. Akaibandua kwa meno, akaibandika katikati, juu ya jina la mtoto wake wa kumzaa, halafu akaanza kuisugua kwa kidole gumba. Polepole. Kutoka katikati kwenda pembeni, isije ikabaki na povu. Uangalifu ule! Mtu huyu hajawahi kukanyaga breki kwa uangalifu ule!

"Sasa imekaa," akasema. Kijiwe kizima makofi.

Salio langu je? Kalikata. Kwamba stika nayo kainunua. Yaani nimemlipia stika ya kufunika kazi yangu.

Kidole gumba kile nakiona mpaka sasa hivi. Polepole, kutoka katikati kwenda pembeni.

Bila_Breki:
Timu gani?

Kipele cha Ipuli:
Picha mkuu. Bila picha hii ni chai.

Kalamu_ya_Chuma:
Picha ya nini? Nitapiga picha stika? Kazi iko CHINI ya stika!

Michembe_na_Karanga:
Namfahamu huyo kiumbe. Alinibeba kutoka stesheni kwenda hospitali ya Kitete kumwona mgonjwa. Kwa ile honi nilifika mimi ndiye mgonjwa. Na akaniongezea mia tano, eti ya muziki.

Bila_Breki:
Mkuu usikwepe. Timu gani?

Mnyama_Mkali:
Kubandika vitu bila kuangalia chini kuna nini, hiyo ni tabia ya Utopolo, watu wa Yanga. Uzi ufungwe.

Mwananchi_Ng'ambo:
Makolo wa Simba mmefikaje hapa? Ubingwa mmeukosa, sasa mmehamia kwenye makava ya klachi?

Babu_Jiriwa:
Kijana, pole. Nina swali la kifundi. Pale karibu na matundu ya bolti hukuzamisha sana? Kava lile jembamba, ukilitoboa oili inatoka. Na asije mtu akakudanganya umchongee kwenye bomba za shokapu za mbele. Chuma kinachobeba uzito ukikitia mkwaruzo wa ncha kali, ufa unaanzia hapo hapo. Kava, kifuniko cha tangi, kava la cheni, hivyo chonga utakavyo.

Kalamu_ya_Chuma:
Shikamoo mzee wangu. Pembeni ya bolti sikugusa kabisa, niliacha ukingo. Na shokapu alitaka! Nikamkatalia. Kumbe ningemchongea tu aende zake.

Babu_Jiriwa:
Marahaba. Usiseme hivyo, anabeba watu.

Fundi_Mitambo_TBR:
Ungechonga kitu cha kromu asingethubutu.

Kalamu_ya_Chuma:
Kromu hujawahi kuigusa wewe. Ile ni ngumu, inavunja ncha na yenyewe inabanduka magamba. Lazima uitoe kwanza, uchonge, ndipo upeleke ikapakwe upya, na wakiipaka nene mistari inajaa. Nani atafanya hayo kwa mtu wa stika?

Kijana_wa_Kisasa:
Ila wakuu tuwe wakweli. Siku hizi kuna leza. Unaweka picha kwenye kompyuta, unakunywa soda, imeisha. Kinyundo cha nini karne hii?

Kalamu_ya_Chuma:
Mstari wa leza ndani una ukungu. Wa kalamu umekatwa, una kuta mbili zinazong'aa, ndiyo maana jani linawaka na kuzima. Huko Marekani wenye Harley wanachongesha injini nzima kwa mkono na wanalipa hela ya kiwanja. Wenzetu wana kalamu za upepo zinazosukumwa na kompresa. Mimi kompresa yangu ni huu mkono.

Kijana_wa_Kisasa:
Na wao wanabandikiwa stika?

Kipele cha Ipuli:
😂😂😂 Huyu afungiwe.

Mama_Uyoga:
Mdogo wangu, nimesoma yote. Aya nzima za kidole gumba. Nyumbani umekula?

Kalamu_ya_Chuma:
Dada sijala. Nikishika tonge nakiona kidole.

Nyuki_wa_Nyumbani:
Mngekuwa mnashabikia timu ya hapa hapa Tabora, Nyuki wetu, haya yote yasingetokea. Nyuki ungemchonga moja kwa moja kwenye kava, stika ya nini? Ila nyie kila kitu Simba na Yanga, Kariakoo, Kariakoo.

Mnyama_Mkali:
Nyuki wenu mechi ya mwisho waliuma nani?

Mwananchi_Ng'ambo:
Hapo kwa mara ya kwanza nakubaliana na Kolo.

Msemakweli_Cheyo:
Naomba niulize, mbona kijiwe kizima kilipiga makofi? Labda stika ilipendeza kweli.

Kalamu_ya_Chuma:
Wewe ulikuwepo. Wewe ulikuwepo nakujua. Ndiye uliyesema "ongeza na nyingine kwenye tangi".

Msemakweli_Cheyo:
Sina la kuongeza.

Bila_Breki:
Kakamatwa 😂

Roho_ya_Tangi:
Wewe umebandikiwa stika tu, inabanduka kwa maji ya moto na mafuta ya taa, dakika chache tu. Mimi nilimpelekea fundi wa rangi tangi langu, nikamwambia bluu iliyokolea. Nimelikuta zambarau. Nikamuuliza, akasema subiri likauke. Limekauka ni zambarau. Akasema subiri liote jua. Sasa hivi nikipita wananiita harusi.

Michembe_na_Karanga:
Nani, yule wa karibu na soko? Gari la shemeji yangu lilitoka na nzi ndani ya rangi. Mzima, mabawa yamekunjuliwa.

Mama_Uyoga:
Nyie na vyuma vyenu. Mimi nimeuziwa asali pale barabarani, TABORA, nyumbani kwa asali, na mtu anaapa kwa mama yake mzazi. Nimefika nayo Dodoma kwa wakwe, inaonja sukari guru. Mama mkwe kaonja, kanyamaza, kaita jirani naye aonje.

Babu_Jiriwa:
Asali nunua kwa mrinaji unayemjua, binti. Hii ya kwenye chupa za maji ya dukani ina mengi.

Kalamu_ya_Chuma:
Wakuu, mada ni nakshi.

Kipele cha Ipuli:
Asali ni afadhali. Kuna fundi cherehani Isevya ana kitambaa changu cha suti tangu kabla sijaoa. Nimeoa kwa suti ya kuazima. Kila nikienda anasema "njoo Ijumaa", na Ijumaa hafungui.

Roho_ya_Tangi:
Subiri. Cherehani mbili, redio inayolilia betri, kuna mbuzi amefungwa nje?

Kipele cha Ipuli:
Huyo huyo!! Mbuzi mweupe!

Roho_ya_Tangi:
Kaka, ana suruali zangu tatu. Juzi nimemwona mpwa wake kanisani kavaa mojawapo.

Mwananchi_Ng'ambo:
Ya kijivu, ina mifuko ya pembeni? Basi mimi ndiye niliyeinunua kwake. Ilikuwa ikinibana nikairudisha.