Tupeane uzoefu: mfuniko wa tangi la maji wa kujitengenezea nyumbani

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari za leo. Mfuniko wa tangi letu umeliwa na jua mpaka ukapasuka, kisha upepo ukaondoka na nusu yake. Tangi lenyewe bado zima, la plastiki, lita 1000, ila mdomo wake ni wa saizi ya peke yake na mifuniko ya kununua haikai. Kwa sasa nimetandika turubai na kulikaza kwa kamba. Kila nikifunua nakuta vumbi limeshuka ndani, na juzi nimeona viluwiluwi. Nataka nitengeneze kitu cha maana. Aliyewahi kutengeneza mfuniko wake atuambie alitumia nini, ukingo aliufanyaje, na umedumu vipi. Naomba yale mliyoyafanya kwa mikono yenu.

FundiBati
Mkuu, nimetengeneza ya kwangu na ya majirani kadhaa, na yote ni ya bati la bapa, si lile la mikunjo. Kabla ya kugusa mkasi, pima mdomo mara mbili: kushoto kwenda kulia, halafu mbele kwenda nyuma. Plastiki iliyokaa juani hupinda, na mdomo unaouona ni duara mara nyingi si duara. Shika kipimo kikubwa.

Sasa ukingo, maana kazi yote iko hapo. Ukingo ushuke kwa NJE ya mdomo. Nimeona watu wanakata bati likae sawasawa ndani ya shimo, linapendeza kweli, lakini mvua ikinyesha maji yanatambaa na bati hadi ndani ya tangi, pamoja na kinyesi cha ndege kilichokauka juu yake. Kwa mdomo wa sm 50, mimi nakata duara la sm 60 na zaidi kidogo, ili kila upande ubaki na sm 5 za kukunja. Chanja pembeni kila baada ya sm 3 hivi, kunja vile vipande chini kimoja kimoja kwa koleo, kisha zungusha mkanda wa bati kwa nje na uupige ribiti (vijisumari vya kuunganishia bati). Kingo ya chini ya mkanda uikunje mara mbili, bila hivyo itakukata kila ukifungua.

Katikati pawe juu kuliko pembeni. Chanja mstari mmoja kutoka pembeni hadi katikati, pandisha upande mmoja juu ya mwingine kidogo, piga ribiti, utapata mwinuko kama wa kofia ya ukindu. Ila uchanje huo mstari kabla ya kukunja ukingo, na ukumbuke duara litapungua kidogo. Matundu ya ribiti ziba kwa silikoni. Bati lenye rangi ya zamani usilitumie, rangi nyingi za kale zina risasi, yale madini yenye sumu. Na kipande cha paa la asbesto usikiguse kwa msumeno hata ukipewa bure, vumbi lake linaleta saratani ya mapafu.

Mama Mapacha
Nimesoma neno viluwiluwi nikaona nisinyamaze. Kaka, turubai halizuii mbu. Mbu anayeeneza homa ya dengue, Aedes aegypti, anapenda maji yaliyohifadhiwa majumbani, na mayai yake hayaelei majini: anayabandika ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo hukauka na kukaa hai miezi mingi, maji yakipanda yanaanguliwa. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakusaidii. Ukuta wa ndani usuguliwe kwa brashi ngumu, hasa ule mstari ambapo maji huishia.

Mimi nilitumia wavu wa dirishani, ule wa matundu madogo yasiyofika mm 1, nikautandaza mdomoni na kuukaza kwa utepe niliokata kwenye mpira wa ndani wa tairi. Mfuniko unakaa juu ya wavu. Mpira unabana kuliko kamba na haulegei usiku ukiwa na baridi. Lakini mbu waliendelea kutoka! Nikazunguka tangi na tochi jioni, nikawakuta wanaingia kwenye bomba la kumwagia maji ya ziada, pale juu pembeni. Hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu bomba hilo. Nikalivisha wavu uleule, tabaka mbili, na wakaisha. Kagua bomba lako leo hii kabla hujanunua hata ribiti moja.

Kisima Kikavu
Langu ni tangi la kujengwa, ardhini, na mfuniko ni wa saruji. Mfuniko wa duara wa upana wa sm 100, unene sm 5 kwa zege la kawaida, unafika karibu kilo 94. Mtu mmoja hainui, na kisichoinuka hakisafishwi. Niliamua kutumia wavu wa kuku tabaka mbili na mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 3, mchanga umechekechwa na kuoshwa, unene sm 2.5. Uzito ukapungua nusu. Nikaugawa vipande viwili vya nusu duara, kila kimoja na mikono miwili ya nondo, na kimoja nikakiachia mdomo mdogo wa kuchotea. Hapo pa kugusana niliacha mdomo wa kupandiana, kipande kimoja kinalalia kingine, ili maji ya mvua yasipite.

Uumwagie maji na kuufunika kwa magunia mabichi kwa wiki nzima. Anayeuacha ukauke juani siku ya kwanza atapata nyufa, na hakuna plasta itakayoziba.

Randa
Plaiwudi: usithubutu. Mvuke wa tangi unapanda kutoka chini, tabaka zinaachana, unga wa mbao unaanguka majini. Na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa zisikae juu ya maji ya kunywa, baadhi ya dawa hizo zina arseniki, ambayo ni sumu.

Ngazi Ndefu
Mimi naomba mnisikilize kuhusu watoto. Turubai lililotandazwa juu ya tangi la chini ni hatari kuliko shimo lililo wazi, kwa sababu mtoto halioni shimo, anaona mahali pa kukanyaga. Mtaani kwetu mtoto alitumbukia hivyo. Aliokolewa kwa sababu mama yake alikuwa anaanika nguo hatua chache tu. Tangu siku hiyo, mfuniko wangu una bawaba upande mmoja na komeo la kufuli upande wa pili, na ufunguo unaning'inia ndani ya nyumba, juu. Hata kwa tangi lililoinuliwa, ngazi isiachwe imeegemea.

Na mtu mzima asiingie ndani kusugua akiwa peke yake. Tangi lililofungwa muda mrefu hewa yake inaweza kukosa oksijeni bila harufu yoyote ya kukuonya. Sugua kwa brashi ya mpini mrefu ukiwa nje.

Mlinzi wa Bomba
Nyongeza fupi kwa wanaopenda kuziba kila kitu: tangi lazima lipumue. Jirani yangu aliziba mdomo kwa silikoni pande zote, pampu ilipovuta maji, ubavu wa tangi ukabonyea ndani. Toboa tundu kwenye mfuniko, chomeka kipande cha bomba chenye kona mbili ili mdomo wake utazame chini, fungia wavu. Hewa inaingia, mvua haiingii.

Mwanzisha uzi
Nashukuru sana, nyote. Nimekwenda kutazama bomba la maji ya ziada: liko wazi kabisa. Nimeshalivisha wavu. Nitafanya mfuniko wa bati, ukingo nje, kofia katikati. Swali moja: nina pipa jeupe la plastiki, naweza kukata kitako chake badala ya bati?

FundiBati
Pipa unajua lilibeba nini? Kama ni kemikali au dawa ya shamba, hapana, hata ulioshe vipi. Kama lilibeba chakula, bado jeupe linapitisha mwanga, na mwanga ndio unaootesha mwani wa kijani ukutani. Ungekuwa na jeusi ningekuambia endelea.

Ukimaliza, kabla ya kufunika, sugua tangi, lijaze, tia lita 1 ya klorini ya maji ya asilimia 5, isiyo na manukato, kwa hizo lita 1000. Fungua bomba zote mpaka unuse klorini, kisha funga, acha usiku kucha, asubuhi mwaga yote na usuuze. Na upepo usiuzuie kwa jiwe juu ya mfuniko, litabonyeza bati katikati na maji yatatuama hapo. Weka kulabu tatu pembeni, uzikaze kwa ule utepe wa mpira wa Mama Mapacha.