Tupeane uzoefu: mmewahi kubishana siasa na jamaa wenu mkabaki jamaa?

Wa_Nyalenda: Grupu ya ukoo imevunjika tena jana. Bado ni Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kodi! Mjomba ametoka, shangazi akamfuata. Kwenu mnafanyaje?

MamaKondele: Kwetu hakuna siasa kabla watu hawajakula.

LangaLanga_Nax: Yangu ni ya kura ya maoni ya katiba mpya Kenya, 2010. Mama mkwe Nyekundu, yaani Hapana, kufuata kanisa, mimi Kijani, Ndiyo. Alishikilia kwamba katiba inaleta utoaji mimba. Nikamwomba anisomee kifungu cha 26. Akavaa miwani: uhai unaanza mimba inapotungwa, na mimba haitolewi ila mtaalamu wa afya akiona kuna dharura, au uhai ama afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Akagonga kidole hapo penye afya. "Mlango ndio huu." Nikamwambia mimi ndio nautaka uwe wazi. Angalau tulijua tunagombania nini. Tulienda kupiga kura pamoja, kila mtu na yake.

Wa_Nyalenda: Kijani ilishinda.

BodaSiaya: Hiyo ni ndogo. Agosti 2022, matokeo yametangazwa juzi tu, Ruto kamshinda Raila wetu, tuko matangani. Shemeji akashuka kutoka Molo na kofia ya njano ya chama cha Ruto! Mchimba kaburi akatupa jembe, eti hachimbi mbele ya hiyo kofia. Vijana wakaanza kusogea. Mzee wetu akamvuta shemeji kando ya tangi la maji. Hakumwambia avue. Alimuuliza, "Ulimpigia kwa nini?" Shemeji akasema bei ya mbolea. Mzee akaguna: hata yeye mbolea imemmaliza. Akawageukia vijana: "Huyu ni mgeni wangu. Atakayemgusa amenigusa." Kofia ikaingia mfukoni bila kuambiwa.

Jirani_Kakamega: Kofia ya chama matangani ni uchokozi, tuseme ukweli.

Molo_Damu: Na za rangi ya machungwa, za Raila, zilizojaa hapo?

Jirani_Kakamega: Nyinyi wa Nakuru mnapenda kujifanya wahanga.

LangaLanga_Nax: Hapo simama. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi, nililala uwanja wa maonyesho na watoto. Usinichezee na hilo neno.

Jirani_Kakamega: Pole dada. Nimevuka mpaka.

Mwalimu_Bsia: Rudia kwanza alichosema mwenzako, ndipo ujibu.

MamaKondele: Mwalimu, mrudie baba yangu maneno yake uone kama hatadhani unamwigiza. Nyamaza, pakua chakula.

Wa_Nyalenda: Boda, kaburi lilichimbwa na nani?

BodaSiaya: Yule yule. Ila alidai alipwe mara mbili.