Tupeane uzoefu: kodi unalipa vizuri, lakini ndani hakukaliki

Mpangaji wa Migosi
Wadau, naanza mimi. Nimepanga hapa Kisumu, vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya mwisho. Siku ya kuonyeshwa nyumba nilifika saa tatu asubuhi. Nikaona vigae vinang'aa, makabati ya jikoni, tangi la maji juu, nikalipa diposti papo hapo. Kumbe sebule inatazama magharibi. Jua likishapita utosi linaingia, na haliondoki mpaka lizame. Saa tatu usiku nikiweka kiganja ukutani, ukuta una moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Juu ni slabu ya zege tupu bila paa, inatema joto hadi usiku wa manane. Feni inazungusha hewa ile ile na tokeni za umeme zinaisha. Mtoto wangu siku hizi analala sakafuni kwenye vigae. Mto hataki, shuka hataki.

Nilimwambia mwenye nyumba. Akanijibu, "Kisumu ni joto, kwani wewe ulitoka wapi?" Natoka Ahero, mzee.

Madirisha ni yale ya kutelezesha, yanafunguka nusu tu. Ukiyafungua usiku bila neti, mbu na vidudu vya ziwa wanaingia kama wamealikwa harusini. Haya, na nyinyi?

Mama wa Section 58
Dada, nikuazime baridi? Nakuru tuko juu, kama mita 1,850, na Julai nyumba yangu ni friji. Chumba cha watoto kinatazama kusini. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua linapita upande wa kaskazini, kwa hivyo ule ukuta hauoni jua kabisa. Mwaka jana nilisogeza kabati la nguo nikakuta ukungu mweusi nyuma yake, umepanda hadi usawa wa kiuno changu. Sweta za shule zinanuka hata zikitoka kufuliwa. Niliosha kwa jiki, ukaisha, ukarudi. Kilichosaidia ni kuacha nafasi kati ya kabati na ukuta, na kufungua madirisha kila mchana, hata kama vumbi la Nakuru mnalijua.

Na nikiri kosa: tulikuwa tunaingiza jiko la makaa sebuleni na kufunga kila kitu. Siku moja sote tuliamka na kichwa kinagonga, mdogo anatapika. Ile hewa ya makaa haina harufu, inaua watu usingizini. Siku hizi ni soksi na blanketi.

Kijana wa Kakamega
Mimi nina mabati bila dari. Mchana ni tanuri. Jioni mvua ikinyesha, na Kakamega hunyesha kweli kweli, simu huwezi kupokea. Mke wangu akiniita jikoni namjibu kwa ishara. Nimeomba dari miaka miwili sasa.

Jirani wa Milimani, Kisumu
Niko kwenye nyumba ndogo ya zamani, nyuma ya kwa mwenyewe. Haina vigae wala makabati, choo kinabembelezwa. Lakini dari iko juu, kuna matundu ya hewa juu ya kila dirisha, na upande wa magharibi umesimama mwembe. Sihami ng'o.

Fundi wa Mamboleo
Huo mwembe ndio feni yenu! Nimejenga miaka mingi, niseme kidogo. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo jua hupiga sana paa, kisha ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi jioni. Ploti ikikubali, upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, na magharibi uweke ngazi, bafu na stoo. Wenye ploti hawataki kusikia. Wanataka nyumba itazame barabara. Mchana upepo unatoka ziwani, usiku unageuka unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hivyo chumba chenye dirisha upande mmoja tu hakipumui.

Wewe wa Migosi, omba slabu ipakwe rangi nyeupe. Ni kazi ya siku moja. Na pazia ndani limechelewa, jua limeshapita kioo. Funga kivuli nje ya dirisha, hata mkeka wa matete.

Mpangaji wa Migosi
Asante fundi. Mkeka nimeufunga tangu Jumapili na saa kumi sebule inakalika, ingawa slabu bado inanichoma usiku. Rangi, mwenye nyumba amesema "tutaona".

Lakini Jumamosi nakwenda kuangalia nyumba nyingine mtaa wa Kenya Re, ghorofa ya kwanza. Nimemwambia keyateka, yule mtunza nyumba, nakuja saa kumi jioni. Akashangaa: "Mama, si uje asubuhi kukiwa na ubaridi?"