Nani anafadhili utafiti wa vipepeo kwa mwanafunzi wa masta?

binti_muheza: Wakuu habari zenu. Nasoma masta ya wanyamapori, nataka kufanya utafiti wa vipepeo msitu wa Amani, Usambara Mashariki, ila chuo hakina hela kabisa na mimi nauli, neti za kunasia vipepeo na posho ya msaidizi natoa wapi jamani? Naupenda huu utafiti kweli.

mtu_wa_msituni: Dada jaribu Rufford Foundation ya Uingereza, wanatoa ruzuku ndogo za uhifadhi na wanataka watu watatu wa kukupendekeza (referees), ila hawalipi ada ya chuo, kwa hiyo andiko lako lioneshe msitu utafaidikaje, sio digrii yako tu. Na vibali vya utafiti anza kuvifuatilia mapema mno, vinachelewesha watu.

pwani_kilifi: Ongea na wafugaji wa vipepeo pia. Huku Gede, Kenya, kwenye mradi wa Kipepeo tangu 1993 watu wanauza nje pupa (kipepeo akiwa bado ndani ya gamba), ndo maana wanautetea msitu wa Arabuko-Sokoke.

binti_muheza: Asanteni sana. Kwetu wafugaji walikwama 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyama hai nje, nadhani hapo ndo pa kuanzia andiko.

mtu_wa_msituni: Hapo hapo. Nitumie rasimu inboksi nikusomee.