Wakuu, IST yangu inaenda gereji Jumamosi, nijiandae vipi?

Mgeni_wa_Usukani: Habari wakuu, nina Toyota IST ya 2004, ndo gari yangu ya kwanza, sasa inatakiwa sevisi halafu mbele kushoto kuna mlio nikipita matuta, kogoko kogoko hivi. Sijui chochote naogopa kupigwa, nifanye nini kabla sijaenda?

Baba Wawili: Mkuu andika kilometa, na huo mlio unatokea saa ngapi, ukikata kona, ukishika breki au kwenye tuta tu, maana ukimwambia fundi "gari inalia" atafungua kila kitu. Kwenye tuta tu anza kukagua stebilaiza linki (vile vyuma vyembamba vya kuunganisha pale kwenye tairi) na bushi (zile raba za kwenye maungio), usikimbilie shokapu. Toa vitu vyako vya thamani na usipeleke tenki limejaa, mafuta yasije yakanyonywa 😂

Spana13: Oili nunua mwenyewe duka unaloliamini, injini ya 1NZ (ile ya IST ya cc 1500) inakula kama lita 3.7 pamoja na filta, so galoni ya lita 4 inatosha na kinachobaki ondoka nacho. Ila oili ya giaboksi ndo usicheze nayo kabisa, inataka ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) aina ya T-IV, mie niliwekewa ya bei chee nikaanza kusikia gari inashtuka kila ikibadili gia. Spea za zamani waambie wakurudishie.

Mgeni_wa_Usukani: Asanteni sana. Kumbe leo nimejaza tenki 😭

Baba Wawili: Basi shinda hapohapo gereji, beba kiti.